Mwenye Wimbo wa Chai

Wifi yangu alinitumia asali kutoka Itigi, imetiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, mfuniko umezungushiwa nailoni isije ikavujia mizigo ya watu kwenye basi. Nilipoifungua, jiko zima likanukia Mkiwa. Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hakukulia pale: nta, moshi wa kufukuzia nyuki uliobaki ndani ya asali, na nyuma yake, ingawa najua haimo chupani, dizeli na vumbi la njia panda. Nikasimama na kijiko mkononi, na bila kujijua nikaanza kuimba. Mwanangu wa kiume, ambaye siku hizi ana ndevu za kuhesabika na aibu zisizohesabika, akachungulia mlangoni.

"Mama," akaninong'oneza, "marafiki zangu wapo sebuleni."

Nikapandisha sauti.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa binti anayemngoja mpenzi wake nyumbani. Amemwandalia chai, na mpenzi haji. Basi, hakuna zaidi. "Chai inapoa, njoo, njoo-njoo-njoo," na kinanda kinarukaruka kama mbuzi mdogo aliyefunguliwa asubuhi. Mama yangu alikuwa akiuza asali na vitunguu kwa abiria wa mabasi pale njia panda, na alipousikia mara ya kwanza alisema, "Kwani huyo binti hana kuni? Si aipashe moto?" Akaguna, akageukia vitunguu vyake, na baada ya muda nikamsikia anaupiga mluzi. Ulikuwa wimbo wa namna hiyo. Uliingia kichwani bila hodi na ukakataa kutoka. Waliojifanya wanajua muziki walisema ni wimbo wa kijinga. Nasema mapema ili tusipotezeane muda: ulikuwa wimbo mzuri sana, na nasema hivyo nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu timamu.

Lakini pale Mkiwa palikuwa na kijiwe cha vijana wa bodaboda, na kijiwe kilikuwa na sheria. Walikaa kwenye benchi refu pembeni ya kibanda cha kuziba pancha, chini ya kivuli cha bati, pikipiki zimepangwa foleni mbele yao. Kaka yangu Daudi alikuwa mmoja wao. Mkubwa wao alikuwa Ramadhani, ambaye hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mama yake. Sisi wengine tulimwita Komando. Alivaa koti jeusi hata kwenye jua la kuchoma mbegu, na sauti yake ilikuwa nzito hata akiomba maji ya kunywa. Komando ndiye aliyeamua muziki gani ni wa wanaume. Nyimbo ngumu, za mistari ya kufoka, za maisha magumu na mtaa, hizo ruksa. Nyimbo laini za mapenzi walizidharau. Walisema ni za kubana pua, za kuimbiwa wasichana wanaosukana. Kijana wa kijiweni akikutwa na wimbo wa kubana pua, jina lake linabadilika siku hiyohiyo.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi na sikuzijua sheria hizo. Nilichokijua ni kwamba Jumamosi moja Daudi alinipakia kwenye pikipiki bila kuniambia tunakwenda wapi, akanipeleka kwa Saidi.

Wenzangu wa umri wangu mnamkumbuka Saidi wa kwenu, maana kila mji ulikuwa naye. Zilikuwa zile siku ambazo nyimbo hazikuingia kwenye simu kupitia mtandao. Ulichomoa memori kadi kwenye simu, ndogo kama ukucha, ukaenda nayo kwenye kiduka chenye kompyuta, ukamtajia mtu nyimbo unazotaka naye akakuingizia. Saidi alikuwa mnene, mpole, na macho yake yalicheka kabla ya mdomo.

"Niwekee ngumu zote mpya," Daudi akasema. Kisha akakohoa, akanishika kichwa. "Halafu huyu dogo ananisumbua. Anautaka ule wimbo wa chai. Mwekee tu, anyamaze."

Nilishangaa. Sikuwa nimemsumbua mtu. Lakini nikaona haya kumkosoa kaka mbele ya watu, na moyoni nikafurahi mno, kwa sababu nilielewa hivi: kaka ameona naupenda wimbo, ameamua kunifanyia zawadi ya kunishtukiza. Saidi akanitazama, akamtazama Daudi, akabofya. "Nimeuweka peke yake, kwenye fungu nimeliandika 'za mtoto'," akasema. "Usichanganyike na za wanaume."

Wiki iliyofuata alikuja Yohana. Yohana alikuwa rafiki wa Daudi tangu utotoni, mwembamba, na ndiye pekee pale kijiweni aliyeitikia shikamoo yangu kama vile nimempa kitu. Aliomba ruhusa kwa mama, akanipeleka kwa Saidi, akasema kwa sauti ya chini kwamba mdogo wake Daudi anautaka wimbo wa chai. Saidi akainua mikono. "Mwenye wimbo kaja tena!" Akauingiza. Tukarudi, Yohana ananiimbia njiani, sauti yake nyembamba inapasuliwa na upepo.

Kisha, nisingeamini kama nisingekuwepo, akaja Komando. Alinikuta natoka dukani. Alitazama kushoto, akatazama kulia. "Dogo, nisindikize mahali." Akaninunulia karanga za kukaanga, akanipeleka kwa Saidi akipita njia ya nyuma ya nyumba, na alipofika akaongea kama anayelazimishwa na polisi. "Huyu mdogo wake Daudi ni msumbufu. Mwekee wimbo wake."

"Wimbo wake," Saidi akaitikia, bila hata kutabasamu. "Karibu, mwenye wimbo."

Baada ya Komando walikuja wengine. Ilifika mahali nikimwona kijana wa kijiweni ananikaribia kwa mwendo wa kuzubaazubaa, najua tunakwenda wapi. Na nadhani mnaona mtoto wa umri ule angeelewa nini. Watu wazima wote walisema wimbo ni wangu. Mwenye kompyuta alisema wimbo ni wangu. Hakuna kijana aliyeuchukua bila kuja kwangu kwanza. Nikajua, kama nilivyojua jina langu, kwamba wimbo wa chai ni mali yangu kwa namna fulani ambayo nitaelezwa nikikua, na kwamba vijana wale wananiomba ruhusa. Nikawa natembea Mkiwa nzima kichwa juu.

Siku Yohana alipokamatwa, mimi nilikuwa nimekaa na mama penye vitunguu, upande wa pili wa barabara, nikaona kila kitu. Alikuwa anaosha pikipiki yake, spika za masikioni zimemziba, na amejisahau. Aliimba. Hakunong'ona, aliimba kwa koo lote, akifuta tangi kwa kitambaa: "Njoo, njoo-njoo-njoo!" Mmoja akanyanyuka benchini, akafuata mwingine, wakamzunguka kwa nyuma kimya kimya, na yeye haoni, anaimba. Alipogeuka akawakuta wote.

Kicheko kile nilikisikia mpaka kwetu. Komando akamchomoa spika masikioni, akainua mikono kama mtangazaji. "Kumbe tunakaa na dada hapa! Jamani, mkaribisheni Mama Chai!"

Ilianzia hapo. Kila abiria aliyeshuka basi aliambiwa, "Panda kwa Mama Chai, atakupikia." Pikipiki yake ilisukumwa mwisho wa foleni, na zamu yake ikifika inarukwa. Akinyanyuka kuzungumza wanamwimbia. Nilimtafuta Daudi kwa macho, nikamwona. Alikuwa anacheka na wenzake, lakini mdomo tu ndio uliocheka. Macho yake yalikuwa chini, kwenye matairi. Siku chache baadaye Yohana hakuonekana. Tukasikia amekwenda Mitundu kwa mjomba wake, na pikipiki yake amekwenda nayo.

Nilimuuliza Daudi wakati wa kula, "Kaka, Yohana alifanya nini?"

Alikata tonge la ugali, akaliviringisha muda mrefu kuliko tonge linavyohitaji. "Aliimba wimbo usiomhusu."

Usiomhusu! Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa: Yohana amefukuzwa kwa wizi. Wamedhani amechukua wimbo wangu bila ruhusa, na mimi, mwenye wimbo, niliyemsindikiza mwenyewe mpaka kwa Saidi, sikuulizwa. Nililala na uchungu huo, nikaamka nao. Darasani mwalimu aliniita jina sikuitika. Kosa lilikuwa limefanyika kwa jina langu, na ni mimi peke yangu niliyeweza kulisahihisha.

Nilipotoka shule sikwenda nyumbani. Nilivuka barabara nikiwa na sare na mfuko wangu wa madaftari, nikasimama mbele ya benchi. Walikuwa wengi, jua limewabana wote kwenye kivuli cha bati.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia, wengine bila kunitazama. Daudi akasema, "Vipi, mama kakutuma?"

"Hapana. Nimekuja kusema Yohana hakuiba."

"Kuiba nini?"

"Wimbo. Hakuiba. Nilimpa mwenyewe, aliniomba vizuri, tukaenda wote kwa Saidi." Walianza kucheka, wakidhani ni mchezo wa mtoto, na kicheko chao kikanipandisha hasira. "Aliomba kama kaka Daudi alivyoomba. Na kama wewe kaka Komando ulivyoomba, siku ile uliyoninunulia karanga tukapita nyuma ya nyumba. Na wewe uliomba. Na wewe pale, uliomba mara mbili kwa sababu simu yako ya kwanza ilianguka chooni. Wote niliwapa. Sasa kwa nini yeye tu ndiye mwizi?"

Mimi ni mtu mzima sasa, nimeshakaa kwenye misiba na kwenye vikao vya kugombana ndugu, lakini ukimya wa namna ile sijaukuta tena. Kila mtu alitazama mahali pasipo na mtu. Anayeziba pancha aliacha kupiga pampu.

Komando ndiye aliyesimama. "Daudi," akasema, na sauti yake nzito ilikuwa imepanda juu kidogo, "mtoto wenu hana adabu. Mnyamazishe."

Daudi akanyanyuka. Nilijua kofi linakuja, maana nilikuwa nimesema mbele ya wakubwa bila kuruhusiwa, na kwetu hilo halina mjadala. Nikafumba macho. Nilisikia hatua zake zinanipita. Nilipofumbua alikuwa ameinamia pikipiki yake, anachomeka simu kwenye ile redio ndogo waliyofunga vijana wengi chini ya taa. Akatafuta. Nilikuwa karibu, nikaona kidole chake kinapita nyimbo ngumu zote na kusimama penye "za mtoto".

Kinanda kikaruka.

Aliongeza sauti mpaka spika ikaanza kukoroma. Kisha akakunja mikono kifuani, akasimama mbele yao.

"Naupenda," akasema. "Sio wa huyu. Ni wangu. Naupenda tangu siku nilipousikia, na nikiwa peke yangu barabarani nauimba. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, niko hapa."

Komando alicheka. Alicheka peke yake, akatazama kulia kwake kutafuta mwenzake wa kucheka naye, akatazama kushoto. Basi la kutoka Dodoma likaingia, wachuuzi wakalikimbilia na mabeseni, lakini pale benchini hakuna aliyenyanyuka kugombea abiria mpaka wimbo ulipokwisha.

Jumapili Daudi alinipakia tena. Safari hii nilijua tunakwenda wapi. Mitundu ni mbali kwa pikipiki, na vumbi la njia ile lilitupaka mpaka kope. Tulimkuta Yohana uwanjani kwa mjomba wake, anapiga alizeti kwa fimbo, mbegu zinaruka kwenye turubai. Alituona. Hakuacha kupiga. Mimi nilimwamkia, akaniitikia kama zamani, kisha akarudi kwenye fimbo yake.

"Nimekuja unisamehe," Daudi akasema.

"Ulicheka."

"Nilicheka."

"Komando simlaumu," Yohana akasema, na fimbo ikashuka. "Komando ndivyo alivyo. Lakini wewe ulicheka huku unao kwenye simu yako. Tulikuwa tunauimba wote tukienda kuchota maji, Daudi. Wote wawili, simu ikiupiga mfukoni."

Daudi hakujitetea, na mpaka leo namheshimu kwa hilo kuliko kwa jambo lolote alilofanya baadaye. Alitafuta fimbo nyingine, akavua viatu, akaanza kupiga alizeti upande wa pili wa turubai. Walipiga mpaka mke wa mjomba akaleta uji. Nilikaa na watoto wa pale tukitafuna mbegu, na katikati ya mapigo nikawasikia wanafuatana: fimbo ya mmoja ikishuka, ya mwenzake inapanda, na ukisikiliza vizuri ulijua ni mapigo ya wimbo gani. Hakuna aliyeimba.

Tulipokuwa tunaondoka Yohana akasema, "Kwenye benchi lile sikai tena."

"Hata mimi," Daudi akajibu.

Yohana alirudi Mkiwa mavuno yalipokwisha. Yeye na Daudi wakaegesha pikipiki zao upande wetu wa barabara, karibu na vitunguu vya mama, mahali pasipo na bati, pasipo na benchi, pasipo na kitu chochote isipokuwa jua na upepo wa Singida unaojaza mchanga kwenye meno. Wa upande wa pili wakapaita Kijiwe cha Chai. Walitamka jina hilo kama tusi. Yohana akaokota kipande cha mbao, akaomba rangi iliyobaki kwa fundi mmoja, akaandika KIJIWE CHA CHAI kwa herufi kubwa, akakisimika ardhini kwa mawe. Siku nzima walipiga wimbo ule, na mingine ya namna ile, ya kubana pua kabisa, kwa sauti ya kukera. Kuna waliopita wakitema mate pembeni. Kuna mzee mmoja aliyemwambia mama kwamba mwanawe ameharibika, na mama akamuuliza kama ameharibika mbona anamletea maji kila asubuhi. Lakini akina mama wenye watoto na mizigo wakishuka basi walivuka barabara kuja kwetu. Walisema huku angalau mtu anaendesha amefurahi.

Mmoja mmoja, na pikipiki zao wanazisukuma kwa miguu kama vile zimeharibika, vijana wa benchini wakaanza kuhamia. Yule wa simu ya chooni ndiye aliyetangulia. Hakuna aliyeulizwa swali.

Komando alikuja wa mwisho. Ilikuwa mchana, lile jua la kuchoma mbegu, na yeye na koti lake jeusi. Alivuka barabara polepole, akasimama penye ubao wetu, akapepesa macho.

"Nimekuja huku kupumzika," akasema. "Huku kuna kivuli."

Hapakuwa na kivuli hata cha kumficha kuku. Yohana alimtazama, akatazama jua. Daudi alinigeukia mimi, niliyekuwa nimekaa juu ya gunia la vitunguu nikila muwa, na kwa kidevu akamwonyesha Komando kwamba mwenye wimbo yuko pale.

Alifika mbele yangu. Sijui ni kitu gani kilimwishia siku ile, kama ni nguvu za kubeba lile koti au za kubeba ile sauti. Alichuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Mdogo wangu," akasema, "naomba wimbo."

Watu wazima waliniambia baadaye kwamba pale ningepaswa kuwa na huruma. Sikuwa nayo, na sioni kwa nini ningekuwa nayo. Nilimaliza kutafuna, nikatema makapi.

"Uimbe kwanza," nikamwambia.

Nilitegemea atanyanyuka aondoke. Wote tulitegemea hivyo. Yohana alikuwa tayari amegeuza uso. Komando akavua koti, akaliweka juu ya vitunguu vya mama, akafuta jasho, akaimba. Hakuanzia kwenye njoo-njoo-njoo kama watu wote. Alianzia kwenye ubeti wa pili, ule ambao binti anaimba harakaharaka, ambao sisi wote tulikuwa tunaumung'unya kwa sababu hakuna aliyewahi kuyashika maneno yake. Yeye aliyashika yote, mpaka pale binti anapovuta pumzi.